Kombe la Wightman lilikufaje?

Mpenzi_wa_Raketi ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Juzi nilikuwa nikipitia rekodi za Chris Evert, nyota wa tenisi wa Marekani, nikakuta mstari mmoja ulionisimamisha: katika Kombe la Wightman alicheza mechi 26 za mmoja mmoja na hakupoteza hata moja. Nimekuwa nikifuatilia tenisi tangu enzi za Steffi Graf, lakini sikumbuki kusikia mtangazaji yeyote akilitaja kombe hilo. Nilipochimba kidogo nikaona kwamba lilishindaniwa na wanawake wa Marekani na wa Uingereza peke yao, kuanzia 1923 hadi 1989. Kwa nini kombe la kimataifa liwe la nchi mbili tu? Na nini kililiua baada ya kudumu muda wote huo? Kuna jambo jingine linalonitatiza: Evert akiwa kikosini, Marekani ililipoteza kombe mara mbili. Inawezekanaje, ikiwa yeye hakushindwa?

Mzee_wa_Nyasi amejibu:

Ndugu yangu, kombe hilo halikukusudiwa kuwa la nchi mbili. Hazel Hotchkiss Wightman, mzaliwa wa Healdsburg, California, alikuwa bingwa wa Marekani mwaka 1909, 1910 na 1911, kisha akaolewa, akazaa, na mwaka 1919 akarudi kulitwaa taji hilo kwa mara ya nne. Aliona kwamba wanaume walikuwa na Kombe la Davis tangu 1900, ilhali wanawake hawakuwa na shindano lolote la kuwakilisha nchi zao. Akatoa chombo cha madini ya fedha, kirefu mfano wa jagi la maua, akakikabidhi kwa chama cha tenisi cha Marekani ili timu za wanawake za mataifa mbalimbali zikishindanie. Wafaransa walitarajiwa wawemo, na hapo ndipo uhondo ungekuwa, maana wakati huo hapakuwa na mwanamke duniani wa kumsogelea Suzanne Lenglen.

Haikuwa hivyo. Kusafirisha timu ya wanawake kwa meli kuvuka Atlantiki kulikuwa na gharama, na vyama vya wakati ule havikuwa tayari kuibeba. Chombo kikakaa bila kushindaniwa hadi 1923, klabu ya West Side ya Forest Hills, New York, ilipomaliza kujenga uwanja wake mpya wa zege wenye umbo la herufi U na kuhitaji shughuli ya kuufungulia. Waingereza wakaalikwa, wakaja mwezi Agosti, wakafungwa 7–0. Helen Wills wa kikosi cha Marekani alikuwa na umri wa miaka 17 tu. Bi Wightman mwenyewe, akiwa na miaka 36, aliingia uwanjani pamoja na Eleanor Goss katika mechi ya wawili wawili wakashinda, kwa hiyo huyu mama alilitoa kombe na akasaidia kulichukua. Mwaka uliofuata Waingereza walilipa kisasi kwao Wimbledon, 6–1, na tangu hapo utaratibu ukawa kupokezana uenyeji mwaka hadi mwaka. Mlango wa nchi ya tatu haukufunguliwa tena.

Refa_Mstaafu amejibu:

Hilo la Evert naweza kulieleza kwa hesabu. Kila mkutano ulikuwa na mechi 7: tano za mmoja mmoja na mbili za wawili wawili. Namba moja wa kila upande alikutana na namba moja mwenzake, kisha akakutana na namba mbili wa upande wa pili. Namba mbili naye vivyo hivyo. Namba tatu wakakutana wao kwa wao mara moja. Evert alicheza miaka 13, mechi mbili kila mwaka, na ndipo inapopatikana ile 26. Lakini pointi mbili kati ya saba hazitoshi kubeba nchi. Mwaka 1975, kule Cleveland, Uingereza ilishinda 5–2, na hizo mbili za Marekani zilikuwa za kwake zote. Wenzake hawakuleta kitu.

Mwaka 1978, katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, ilikuwa chungu zaidi. Evert alishinda mechi zake zote mbili, matokeo yakafika 3–3, na kombe likabaki mikononi mwa mechi ya mwisho ya wawili wawili: Evert na Pam Shriver, binti wa miaka 16 aliyekuwa ametoka kucheza fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, dhidi ya Virginia Wade na Sue Barker. Wade na Barker walichukua seti ya kwanza 6–0, wakapoteza ya pili 5–7, wakamaliza ya tatu 6–4. Rekodi ya Evert ya mmoja mmoja haikuguswa, na kombe likaenda kwa wengine.

Kuhusu kilicholiua kombe, mimi naona ni kukosekana kwa ushindani. Marekani ilishinda mara 51, Uingereza 10. Niliwahi kusimamia mechi za kila mwaka baina ya klabu mbili za mji mmoja, na kilichotokea pale sikisahau. Upande mmoja uliposhindwa mfululizo kwa miaka kadhaa, watazamaji walipungua kwanza, kisha hao mabingwa wenyewe wakaanza kuleta wachezaji wa akiba, na mwaka wa mwisho tulibaki watu wanane tukizunguka meza moja ya chai.

BintiMvita amejibu:

Kwa heshima zote, Mwalimu Refa, sikubaliani nawe. Uingereza ilipoteza kombe hili mara 21 mfululizo, kuanzia 1931 hadi 1957, ukiondoa miaka ya vita ambayo halikuchezwa, na bado watu walijaa Wimbledon. Ule ukame uliisha mwaka 1958, Christine Truman, msichana wa miaka 17, alipomfunga Althea Gibson, bingwa mtetezi wa Wimbledon. Kama kushindwa kungetosha kuliua kombe, lingekufa zamani, kabla Truman hajashika raketi.

Tofauti ni kwamba hadi mwaka ule mwanamke hakuwa na mahali pengine pa kuichezea nchi yake kwa uzito huo. Mwaka 1963 likaja Kombe la Shirikisho, ambalo leo linaitwa Kombe la Billie Jean King. Mwaka wa kwanza, katika klabu ya Queen's jijini London, zilifika nchi 16, na Marekani ikaifunga Australia katika fainali. Na aliyelipigania wazo hilo hadi likakubaliwa ni Mary Hardwick Hare, Mwingereza aliyehamia Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa amelicheza Kombe la Wightman katika miaka ya 1930. Kwa maneno mengine, kile alichokitaka Bi Wightman tangu mwanzo kilipatikana, ila mahali pengine, na kombe lake likabakiwa na zile nchi mbili. Baada ya hapo wanawake wakapata ziara za kulipwa zenye ratiba iliyojaa mwaka mzima. Ukimwambia mchezaji wa miaka ya 1980 atenge siku kadhaa kwa shindano ambalo anajua litaishaje, na tayari ana jingine la dunia nzima, atachagua nini?

Mpenzi_wa_Raketi:

Nawashukuru nyote. Je, kuna ushahidi kwamba nyota wa Marekani walikuwa wakilikwepa kweli, au ni dhana?

Mzee_wa_Nyasi amejibu:

Kukwepa ni neno zito, lakini tazama mwaka wa mwisho. Baada ya 1978 Marekani ilishinda mara 11 mfululizo. Mwaka 1989, kule Williamsburg, Virginia, katika kikosi chake hakuwemo Martina Navratilova wala Evert. Alikuwemo Jennifer Capriati, mtoto wa miaka 13 ambaye hata hajaanza kucheza kwa kulipwa. Alimkabili Clare Wood, mchezaji wa kulipwa aliyekuwa mtu mzima, akamfunga 6–0, 6–0. Marekani ikashinda 7–0, matokeo yaleyale ya Forest Hills mwaka 1923. Mwaka uliofuata vyama vya nchi hizo mbili vilikubaliana kulisimamisha kombe, na halijachezwa tena.

Sasa linganisha na Tokyo, Oktoba ya mwaka huohuo wa 1989. Navratilova na Evert wote wawili walisafiri kwenda Japani kucheza Kombe la Shirikisho, wakaifunga Uhispania katika fainali, na Evert akamalizia hapo safari yake ya tenisi ya kulipwa kwa kumshinda Conchita Martínez.

BintiMvita:

Niongeze tu kwamba Bi Wightman alifariki Desemba 1974. Mwaka mmoja kabla, kombe lilipotimiza miaka 50, Malkia Elizabeth alikuwa amemtunukia nishani, yeye Mmarekani. Hakuwahi kuliona likisimamishwa.