Mrejesho: risasi (ile metali, Pb) iliyokuwa ikipotea kwenye tanuri la grafiti

Wakuu, niliuliza kwa nini, kwenye tanuri la grafiti tunalopimia metali kwa joto kali, sampuli za maji ya chumvi zinasoma risasi pungufu ilhali myeyusho safi unasoma vizuri. Mlionielekeza kwenye kloridi mlipatia kabisa. Risasi ilikuwa inageuka kloridi, ambayo huruka upesi, ikatoka na mvuke kwenye hatua ya kuunguza vitu vingine vya sampuli, kabla zamu ya kuatomisha (kuigeuza atomi huru ili ipimwe) haijafika. Nimeongeza fosfati ya amoniamu na nitrati ya magnesiamu ili kuishikilia risasi isiruke. Sasa naunguza kwa 850 °C na risasi inabaki, ndipo naatomisha kwa 1,900 °C. Kile kilele cha risasi kwenye grafu ya kipimo, kilichokuwa kifupi chenye mabega mawili, sasa ni kimoja, chembamba, kimesimama wima! Kadimiamu, metali nyingine, nitaijaribu hivyo hivyo, ila kwa joto la chini zaidi. Asanteni sana.