Matairi mapya ya Impreza STI kwa barabara za Mwanza: saizi ipi, mpira wa aina gani?

Sangara17

Wakuu, habari za jioni. Natafuta matairi ya Subaru Impreza WRX STI ya 2003. Yaliyopo ni 225/45R17 91W, yaani upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Ya mbele yamelika upande wa ndani hadi kipara, ila upande wa nje bado kuna michirizi ya milimita 5. Ya nyuma yana milimita 6 kote. Siku za kazi gari linatembea Buhongwa hadi Kirumba, mwisho wa wiki linakwenda Musoma au Shinyanga. Nataka mpira unaoshika barabara kavu na yenye maji, maana masika yanakaribia.

Ushauri niliopata haupatani. Mmoja anasema ninunue mawili ya mbele tu. Wa pili anasema nishuke hadi rimu za inchi 16 na 205/55, ubavu uwe mnene. Wa tatu anasema nichukue ya mtumba ya Japani, chapa kubwa, bei nusu. Nimsikilize nani?

Jiwe la Bismarck

Mkuu, mawili ya mbele tu usinunue kabisa. STI inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Difu ya kati, gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ipo ili ihimili tofauti ya mzunguko unapokata kona, halafu ipumzike ukinyoosha. Ukiweka matairi yasiyolingana haipumziki hata mita moja kutoka Mwanza hadi Musoma.

Piga hesabu na namba zako mwenyewe. Tairi jipya lina kina cha karibu milimita 8, yako ya nyuma yana 6. Tofauti ya 2 kwenye kina ni 4 kwenye kipenyo, na kwenye mzingo ni kama milimita 12 na nusu. Subaru wanataka mizingo ya matairi yote isipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Umeshapita mara mbili. Dalili yake ni gari kujibana unapogeuza taratibu usukani ukiwa umekata wote, kama vile breki imeshika. Ikifika hapo difu inakula fedha kuliko matairi manne. Kwa hiyo nunua manne, chapa moja, aina moja, siku moja. Ya nyuma yaliyobaki na milimita 6 muuzie mwenye gari la kuvuta magurudumu mawili.

Rimu za 16: kwa WRX ya kawaida ushauri huo unafanya kazi, tena ni mzuri. Kipenyo cha 205/55R16 ni milimita 632, cha 225/45R17 ni 634, hata spidomita haitahisi. Lakini yako ni STI yenye kalipa za Brembo, yaani vishikio vikubwa vya breki, na rimu ya 16 itagonga kalipa kabla hujafunga nati ya kwanza.

Kama unahofia mashimo na mawe ya njia za Isamilo na Bugando, fikiria 235/45R17. Ubavu unapanda kutoka milimita 101 hadi 106 na kipenyo kinaongezeka asilimia 1.4 tu. Ndiyo saizi ambayo STI za miaka iliyofuata zilipewa kiwandani, na rimu yako ya upana wa inchi 7.5 inaipokea. Kabla ya kulipia yote manne, funga moja mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, uone nafasi kati ya tairi na kikombe cha springi ya shokapu. Kidole kipite.

Ya mtumba nasema hapana, na sababu si bei. Mengi yanayoshuka na magari ya Japani ni ya theluji. Tazama ubavuni: ukiona neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye theluji ndani yake, liache. Mpira huo umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya joto ya saa nane mchana michirizi yake inalegea, breki inarefuka, na tairi linaisha haraka. Halafu soma tarakimu nne za mwisho za mstari wa DOT ulioandikwa ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka saba linaweza kuwa na michirizi yote na bado mpira umeshakauka, na mpira mkavu hauonyeshi ubaya wake hadi siku ya mvua.

Sato wa Kirumba

Naunga mkono, naongeza aina ya mpira.

Kuna matairi ya spoti ya kila siku, kundi la Michelin Pilot Sport 4, na kuna ya karibu na mashindano, kundi la Yokohama Advan Neova. Ya kundi la pili yanang'ang'ania lami kavu vizuri mno, lakini yanataka kupashwa moto kwanza, yanaisha upesi, na mifereji yake ni michache. Mvua inayotoka ziwani inashuka nyingi kwa muda mfupi na maji yanasimama barabarani. Tairi lenye mifereji michache linapanda juu ya maji, na hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla. Chukua kundi la kwanza.

Ubavuni utaona TREADWEAR. Namba ya 200 kushuka ni mpira laini wa kuisha haraka, 300 kwenda juu unadumu zaidi. Kila kiwanda kinajipimia chenyewe, kwa hiyo linganisha matairi ya kiwanda kimoja. TRACTION iwe AA au A, ila ujue herufi hiyo inapima breki ya kunyooka kwenye maji tu, kona haimo.

91W maana yake kilo 615 kwa kila tairi na mwendo hadi kilomita 270 kwa saa. Usishuke chini ya hapo. Ukipata 94W yenye maandishi XL ni bora zaidi, mwili wake umeimarishwa. Na usisubiri alama ya uchakavu ya milimita 1.6 iliyo ndani ya mifereji iguse lami ndipo ubadilishe. Kwa masika ya huku, milimita 3 ndiyo mwisho.

Kama unaagiza Dar yaje kwa basi, dai picha ya DOT ya kila tairi kabla hujatuma pesa.

Mpira na Lami

Hamjagusa chanzo. Tairi linaloisha ndani tu halijaisha, limekwanguliwa. Ukifunga mapya leo bila kurekebisha, yatakwenda njia ileile.

Mara nyingi mkosaji ni too, yaani pua za matairi ya mbele kutazama nje badala ya kwenda sambamba. Kemba, yaani mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele, ikilala ndani inaongeza, lakini peke yake hailambi tairi hadi kipara kwa upande mmoja. Kwanza inua gari, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini ni boljointi (kiungo cha gurudumu na amu) au beringi, wa kushoto na kulia ni tairodi (fimbo ya usukani). Angalia pia bushi za nyuma za amu ya chini, zikipasuka alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, haikai hata wiki. Badilisha kilichochoka, funga matairi mapya, ndipo uende kwenye mashine ya alaimenti. Too ya mbele iwe sifuri, kemba nyuzi 1 hadi 1.5 kuelekea ndani, kushoto sawa na kulia.

Kufunga: mashine, siyo nyundo na nondo, rimu zako ni aluminiamu. Lenye mshale wa ROTATION lifuate mwelekeo, lenye OUTSIDE maandishi yatazame nje. Risasi za balansi ziwe za kubandika. Nati za Subaru ni milimita 12 kwa uzi wa 1.25 na za Toyota ni 12 kwa 1.5. Zinafanana machoni, na ya Toyota ikilazimishwa na bunduki ya upepo inakata uzi wa stadi, bolti inayoshika gurudumu. Anza kwa vidole, malizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, Nm 100, na urudie baada ya kilomita 80 hivi.

Sangara17

Nimeelewa, ahsanteni sana. Nitaanza na tairodi na bushi, halafu manne ya 235. Kaka, upepo nijaze kiasi gani?

Mpira na Lami

Anza na namba ya kibandiko cha mlango wa dereva. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea. Joto likipanda nyuzi 10 upepo unaongezeka karibu PSI 2, kwa hiyo usiutoe mchana kwa kudhani umezidi. Kilomita 200 za kwanza endesha taratibu, mpira mpya una utelezi wa kiwandani juu yake.

Altezza ya Nyakato

Samahani kuingilia. Mimi nina Altezza, 215/45R17, uwezo wa mawili tu kwa sasa. Nayo hairuhusiwi?

Jiwe la Bismarck

Yako inasukuma kwa nyuma pekee, mawili yanaruhusiwa. Weka mapya nyuma, na ya mbele yasiwe chini ya milimita 3. Mbele ikiteleza kwenye maji unaondoa mguu na gari linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka kabla hujageuza usukani.