Ramani yangu ya jamu Barabara ya Jinja inadanganya. Nimekosea wapi?

MzawaWaKireka
Salamu wakuu. Niko Kampala, ofisi ndogo ya mipango ya usafiri, mwaka wangu wa kwanza kazini. Bosi anataka nionyeshe ni sehemu zipi za Barabara ya Jinja, kutoka Bweyogerere kuingia mjini, zinazostahili kutengewa njia ya mabasi. Tulifunga vifaa vya GPS kwenye taksi 23, zile za abiria 14. Kila sekunde 20 kifaa kinaacha alama ya mahali gari lilipo, na sasa tuna wiki sita. Nikakata barabara vipande vya mita 200, nikatafuta wastani wa mwendo wa kila kipande, nikapaka rangi.

Matokeo: kipande kibovu kuliko vyote ni cha steji ya Kireka, kilomita 4 kwa saa. Bosi kacheka mpaka kavua miwani: "Hapo hakuna jamu kijana, hapo taksi zinajaza." La pili, ramani inasema jamu kali ni saa kumi na moja alfajiri. Mimi nimezaliwa Kireka, saa hiyo barabara ni nyeupe! Ijumaa nawasilisha. Nisaidieni.

JichoLaRamani
La saa ni dogo. Kifaa kinaandika saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele. Ile 05:00 ya kwenye faili ni saa mbili asubuhi, watu wako kazini wanachelewa. Ongeza saa tatu kabla ya kugawa siku, la sivyo safari za usiku zitahesabiwa siku isiyo yake.

Kubwa ni hivyo vipande. Gari la kilomita 36 kwa saa linakwenda mita 10 kwa sekunde, yaani mita 200 kati ya alama na alama. Likizidi hapo linaweza kuruka kipande kizima bila kuacha hata alama moja, na anayekwenda kinyonga anaacha kumi. Acha kukata kwa rula. Kata kutoka makutano hadi makutano, kisha pima dakika za kila gari kupita, si mwendo wa alama moja moja. Zipange dakika hizo kuanzia chache hadi nyingi, tazama ya katikati, halafu tazama ile ya tisa katika kila kumi. Mtu wa Bweyogerere hapangi asubuhi yake kwa siku ya kawaida, anaipanga kwa siku mbaya.

KondaMstaafu
Mimi nimening'inia mlangoni miaka 11, Kireka mpaka Old Taxi Park. Sijui UTC ila gari nalijua. La kwenye jamu halisimami kabisa: linasogea hatua tano, linatulia, linasogea tena. La steji limekufa dakika kumi, likijaa linatoka kwa fujo. Itazame hiyo tabia, utayatenganisha.

Ila kuna jambo ofisi yenu haitaliona. Jamu ya Banda ikikaza, dereva hakai. Anachepukia njia ya pembeni ya Kinawataka anatokea Nakawa. Je, safari hizo umezifanyaje?

MzawaWaKireka
Banange. Nilizifuta, mzee. Niliona ziko nje ya barabara nikadhani kifaa kimepotea.

KondaMstaafu
Basi umefuta siku mbaya kuliko zote, umebaki na waliovumilia. Zirudishe.

MkaziWaKimara
Nawasalimu kutoka Dar. Mabasi yetu ya mwendokasi yalianza 2016, Kimara hadi Kivukoni, njia iko katikati ya barabara na vituo viko katikati, kwa hiyo mabasi yana milango kulia. Taksi zenu mlango uko kushoto. Kama njia hiyo kwa kuanzia itabeba taksi, iwe pembeni kushoto, na hapo utagombana na boda na magari yanayoingia madukani.

Nyingine: usiikate njia mita mia moja kabla ya taa ili magari yanayopinda yapate nafasi. Foleni iko hapo hapo kwenye taa, basi litapita peupe kisha lije kupanga mstari na wengine. Na siku za mvua zitenge. Sisi tunaijua Jangwani, bonde ambalo mabasi yetu yanapita, ikijaa maji.

DadaHesabu
Mdogo wangu, GPS haihesabu vichwa. Bosi ataulizwa kwa nini anawanyang'anya wenye magari njia moja. Simama Nakawa saa moja tu, hesabu magari na watu walio ndani yake. Taksi moja iliyojaa ni watu 14, gari dogo mara nyingi ni dereva na begi lake.

MzawaWaKireka
Mrejesho. Nimerudisha safari za Kinawataka, nimetoa muda wa steji. Kireka imepoa, sasa nyekundu ni Banda kushuka mpaka taa za Nakawa. Leo nimepanda na daftari kuhakiki, kwenda na kurudi mara tatu bila kushuka. Konda kaniuliza kama mimi ni mtu wa kodi.

KondaMstaafu
Nauli ulilipa mara ngapi?

MzawaWaKireka
Saba, mzee.