Naomba ushauri: Opinel ya marehemu babu imekaza

Habari zenu wakuu. Nina kisu cha kukunja cha marehemu babu, Opinel namba 8 ya Ufaransa, bapa la chuma cha kaboni. Hakina pete ya kufungia bapa, na kwa kuwa pete hiyo ilianza 1955, nadhani ni cha kabla ya hapo. Mpini wa mbao umevimba kwa unyevu, bapa halifunguki bila kulazimisha. Nimeukausha kivulini, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye ribiti (pini inayoshikilia bapa kwenye mpini). Kutu nyekundu nimeisugua kwa steelwool laini. Ule weusi wa bapa nimeuacha, unakilinda chuma.

Je, nisugue mfereji wa mpini, bapa linamoingia, kwa msasa namba 400 kisha nipake mafuta ya kitani, au nisubiri mbao ikauke zaidi? Na ribiti yaweza kutolewa bila kupasua mpini? Sitaki kuubadilisha, ndio alioushika yeye.