Mchicha unageuka njano baada ya kuweka maranda

Wakuu, bustani yangu ni ya kichanga, Kigamboni. Nilichanganya maranda na samadi mbichi ya kuku, siku 5 baadaye nikapanda mchicha. Majani ya chini yamekuwa njano, mengine yameungua pembeni. Nifanyeje?

— Mkuu, maranda yakioza ndani ya udongo, vijidudu hunyang'anya mimea naitrojeni, kirutubisho cha majani. Ndiyo njano hiyo. Kuungua ni chumvi na amonia ya samadi. Mwagilia sana leo, maranda yabaki juu tu kama matandazo.

— Tena usirudie samadi mbichi kwenye mboga! Lundika majani makavu ndoo 3 kwa samadi ndoo 1, geuza kila wiki. Ukikamua konzi moja, yatoke matone machache tu. Ikinuka uvundo, imelowa mno: ongeza makavu.

— Baada ya miezi 3, weka mbolea hiyo iliyooza, ndoo ya lita 20 kwa mita 1 ya mraba.