Kahawa chungu vikombe vinne, bado nasinzia

Mpishi wa Chake: Jamani, nalala saa 5 usiku, saa 8 nishaamka kukanda unga wa mkate wa mofa. Kahawa nakunywa, lakini jana nimetia chumvi mara mbili, kisha nikaunguza mkono kwenye ukingo wa tanuri. Mbona hainisaidii?

Bi Mkubwa: Pole mwanangu, mkono umeupaka dawa? Ukiwa macho, kemikali ya mwili iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni. Ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini ya kahawa huziba tu pale adenosini inapopokelewa, haiiondoi. Ikiisha nguvu, uchovu wote unakurudia. Kinachoisafisha ni kulala.

Mtu wa Wete: Cha mwisho unakunywa wakati gani? Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya muda wa saa tano hivi kupita.

Mpishi wa Chake: Baada ya Magharibi, barazani. Basi hicho nakiacha leo, nikishaswali Isha nalala.