Mdogo wangu ametulia kwa dawa, ila hatoki chumbani

Dada wa Makorora:
Assalaam alaykum. Mdogo wangu ana miaka 19, alikuwa kidato cha tano. Mwaka jana alianza kusikia sauti zikimtukana, akaziba dirisha kwa magazeti akidai majirani wanamrekodi. Tulianza kwa kisomo, kisha tukampeleka hospitali ya Bombo, hapa Tanga. Sauti zimepungua, alhamdulillahi. Lakini anashinda amelala, hata barazani hakai. Baba anafoka, "Mvivu huyu!" Mama akimwona tu, machozi. Je, ni dawa tu, basi?

Mkazi wa Pangani:
Pole dada. Akisema amepona, msimwachishe dawa. Kwetu iliachwa, maradhi yakarudi kwa kishindo.

Nesi Mstaafu:
Waalaykum salaam mwanangu. Huo si uvivu. Kukosa hamu na kujitenga ni sehemu ya maradhi, na pengine dozi inamlevya. Mwelezeni daktari, msiipunguze wenyewe. Kisomo hakikatazwi, mradi dawa ziendelee.

Dawa hutuliza sauti, kumrudisha shule ni kazi nyingine. Marekani walifuatilia vijana 404 wenye maradhi ya akili kama haya katika vituo 34, matokeo yakatoka 2015. Waliopata, pamoja na dawa, mazungumzo ya ana kwa ana, mafunzo kwa familia na msaada wa kurudi masomoni au kazini, walidumu zaidi kwenye matibabu na maisha yao yakawa na nafuu kubwa zaidi baada ya miaka 2. Walioanza matibabu mapema ndio waliofaidika zaidi, na nyie hamjachelewa sana.

Kwa hiyo mzee aende naye kliniki, aelezwe na daktari mwenyewe. Nakuomba sana hili, maana lawama na makelele ya nyumbani huchangia maradhi kurudi. Muulizeni afisa ustawi wa jamii pale hospitali kuhusu shule. Bangi nayo, kama ipo, muulizeni kwa upole. Na kijana alipenda nini?

Dada wa Makorora:
Baiskeli, shangazi! Alikuwa akitengeneza za mtaa mzima. Kuna fundi Ngamiani anamjua tangu utoto.

Nesi Mstaafu:
Basi muulize kijana kwanza kama anataka. Akikubali, aanze kwa muda wa saa moja tu, asubuhi zile anazokuwa mchangamfu, wewe umsindikize. Fundi aambiwe yale tu ambayo mdogo wako ameridhia.